Adapta ya CompactFlash kwa Amiga 1200: Tathmini Kutoka Kisumu

Adapta ninayoitathmini hapa ina ukubwa wa kiberiti. Upande mmoja ina pini 44 za kupokea waya wa diski za laptopu za zamani, upande wa pili ina nafasi ya kuchomekea kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash, na kazi yake ni kuiwezesha Amiga 1200, kompyuta ya nyumbani ya zamani, kuitumia kadi hiyo kama diski ngumu. Nimeitumia Kisumu, katika nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa na unyevu wa ziwa hauishi hata wakati wa kiangazi, na muda wote huo nimekuwa na diski ngumu halisi ya mtumba ya kulinganisha nayo. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya asiye na nafasi ya kusoma yote: adapta inafaa kununuliwa, waya unaouzwa pamoja nayo haufai, na kazi kubwa haiko katika kuichomeka bali katika maandalizi ambayo muuzaji hayataji kabisa.

Amiga 1200 ilitolewa na kampuni ya Commodore mwaka 1992, ikiwa na prosesa ya Motorola 68EC020 ya megahezi 14 na kumbukumbu ya megabaiti 2. Yangu ililetwa na mjomba aliyekuwa masomoni Uingereza, na sasa imeunganishwa na televisheni ya kichogo, mojawapo ya zile ambazo familia nyingi ziliziweka stoo baada ya matangazo ya analogi kuzimwa nchini mwaka 2015. Mashine nyingi za aina hii ziliuzwa bila diski ngumu, zikitegemea flopi za kilobaiti 880. Mtu anayetaka kufanya kazi ya maana kwa flopi, tuseme kuchora kwa Deluxe Paint na kuzihifadhi picha zake, hushinda akibadilisha: flopi ya Workbench, yaani mazingira ya kazi ya Amiga, itoke, programu iingie, flopi ya fonti iombwe, kisha Workbench irudi tena. Flopi huzunguka mara 300 kwa dakika na ina mizingo 160 ukihesabu pande zote mbili, kwa hiyo kuisoma nzima hakuwezi kuchukua chini ya sekunde 32 hata mambo yakienda sawa. Hapa kwetu kando ya ziwa mambo hayaendi sawa kwa flopi. Ukungu mweupe huota juu ya utando wa sumaku, kichwa cha kusomea kinapopita huukwangua na kuusambaza, na flopi moja yenye ukungu huweza kukichafua kichwa kiasi cha kuziharibu zile nzima zinazofuata. Hiyo pekee ni sababu tosha ya kutafuta diski ngumu, hata kabla ya kuzungumzia kasi.

Wahandisi wa Commodore walifanya jambo la busara ambalo linatufaa hadi leo: waliweka kwenye bodi soketi ya IDE, aina ya kiunganishi cha diski, ya pini 44, ile ile iliyokuja kutumika kwa miaka mingi katika diski za inchi 2.5 za laptopu. Chipu iitwayo Gayle ndiyo inayoisimamia soketi hiyo pamoja na tundu la PCMCIA, la kuchomekea kadi za upanuzi, lililo ubavuni kushoto, na programu ya kuzungumza na diski imo tayari ndani ya ROM ya Kickstart, chipu yenye programu ya msingi ya kuiwasha mashine. Mwenye Amiga 500 hulazimika kutafuta kifaa kizima cha nje ili apate diski. Mwenye 1200 anahitaji diski na waya tu.

Diski za namna hiyo bado zinapatikana Kisumu, ingawa kila mwaka zinapungua. Maduka ya spea za laptopu yaliyo karibu na Barabara ya Oginga Odinga huwa nazo kwenye masanduku ya chini ya kaunta, na soko la Kibuye siku ya Jumapili huwa na wauzaji wa vifaa vilivyofunguliwa ambao kati ya chaja na rimoti huweza kuwa na diski moja au mbili. Mnunuzi aangalie pini, si jina la kampuni: diski za SATA, ambazo ndizo nyingi sasa, zina vipande bapa vya shaba na haziingii kwenye Amiga hata kwa kulazimisha, ilhali zile za IDE zina safu mbili za pini nyembamba. Usemi wa madukani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi unatekelezwa kwa ukali katika biashara hii, kwa hiyo ni vyema kuomba diski ijaribiwe kwenye laptopu kuukuu ya dukani kabla ya kulipa.

Diski niliyoipata ni ya gigabaiti 20 na inafanya kazi. Siidharau. Ni kitu cha chuma chenye uzito wa kuridhisha mkononi, na kwa aliyekulia flopi, kusikia Workbench ikipakiwa kutoka kwenye diski inayozunguka ni furaha ya kweli. Hata hivyo ina matatizo ambayo kwa mazingira yetu hayavumiliki. La kwanza ni umeme. Lebo ya diski za aina hii kwa kawaida huonyesha kwamba huhitaji volti 5 na kati ya nusu ampia na ampia nzima wakati wa kuanza kuzunguka, na mzigo huo wote unabebwa na kisanduku cha umeme cha mashine yenye umri wa zaidi ya miaka 30. Nyumbani kwangu, umeme unapopungua nguvu nyakati za jioni, picha kwenye televisheni hutetemeka diski inapoamka. La pili ni kuchelewa: mashine ikiwa imepoa, diski huchukua muda kufikia mwendo wake, Amiga huchoka kuisubiri na kuonyesha picha ya kuomba flopi, na mtumiaji hulazimika kubonyeza Ctrl pamoja na vitufe viwili vya Amiga ili iwake upya ndipo iione. La tatu ni umri. Diski ya mtumba haina historia inayojulikana. Laptopu ilikotoka huenda iliangushwa, huenda iliachwa kwenye gari juani, na hakuna anayeweza kusema itaishi mwezi au miaka mitano.

Hapo ndipo adapta inapopata nafasi yake, na inafaa kueleza kwa nini kitu cha bei ndogo hivyo kinaweza kufanya kazi hii. Kadi ya CompactFlash, tofauti na memori kadi za simu, ilibuniwa tangu mwanzo iwe na uwezo wa kujiendesha kama diski ya IDE. Akili yote imo ndani ya kadi yenyewe. Adapta haina chipu ya kutafsiri chochote; inapeleka tu kila pini ya kadi kwenye pini inayolingana nayo upande wa pili, na kuongeza labda taa moja na kidaraja cha kuchagua kama kadi itakuwa diski ya kwanza au ya pili. Kwa sababu hiyo hakuna cha ajabu cha kuharibika, na tofauti kati ya adapta ya bei ya juu na ya bei ya chini ni ubora wa soketi na ulehemu peke yake. Yangu niliikagua kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuitumia, na ulehemu ulikuwa safi.

Kadi zenyewe hazipatikani tena katika maduka ya simu. Pa kwenda ni studio za picha. Wapiga picha wa harusi na mahafali wa Kisumu na Nakuru walitumia kwa miaka mingi kamera kama Canon EOS 5D Mark II, ambazo huhifadhi picha kwenye CompactFlash, na walipohamia kamera za kadi za SD wengi walibaki na kadi za gigabaiti 4 na 8 zisizo na kazi. Mpiga picha mmoja aliniuzia yake kwa bei ya chini kuliko ya diski ya mtumba, na alishangaa kuona kuna mtu anayeihitaji ndogo kuliko kubwa. Maandishi ya kasi yaliyo juu ya kadi hizo, kama 133x au 400x, yasimshawishi mtu kuongeza hata shilingi. Gayle haina njia ya kuipelekea data kumbukumbu moja kwa moja, kila baiti lazima ipitie kwa prosesa, na kwa hiyo mashine isiyo na kiongeza kasi haivuki kiasi cha megabaiti moja hadi mbili kwa sekunde, kadi iwe ya kasi gani.

Sasa niseme juu ya waya, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyonitia wasiwasi zaidi. Adapta huuzwa ikiwa na utepe wa nyaya 44 wenye soketi ya plastiki kila upande. Ule niliopewa uliifanya mashine iione kadi leo na kuikosa kesho, na nikiugusa, kadi ilirudi. Niliupeleka kwa fundi wa simu anayekaa kwenye kibanda chenye kioo upande wa Kondele, kijana mwenye mikono mitulivu ambaye siku nzima hulehemu vitu vidogo kuliko pini hizi. Aliubana utepe mezani kwa kidole gumba, akaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye pini ya kwanza ya upande huu na nyingine upande ule, akasikiliza mlio, akasogea pini ya pili, ya tatu, bila haraka. Mlio ulipokatika aliupinda utepe kidogo ukarudi, akaunyoosha ukapotea tena. “Mwalimu, shida si waya,” aliniambia. “Waya ni mzima. Meno ya hii soketi ndiyo hayakuuma vizuri.” Aliifungua soketi ya plastiki kwa kisu chembamba akanionyesha: jino moja dogo la shaba lilikuwa limepita kando ya waya badala ya kutoboa ngozi yake. Aliubana upya kwa koleo na ukafanya kazi, lakini mwenyewe alinishauri nisiuamini, na ushauri huo nauunga mkono. Soketi ya IDE ya Amiga 1200 haina chipu ya kuikinga. Imeunganishwa karibu moja kwa moja na njia za data za mashine, na waya mrefu au mbovu huleta makosa ambayo mtumiaji atadhani yanatoka kwenye kadi. Waya uwe mfupi kadiri inavyowezekana, sentimita 10 zinatosha, na ukitoka kwenye laptopu ya zamani iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko ule wa ndani ya bahasha ya adapta.

Kabla ya kuchomeka chochote, bodi yenyewe ikaguliwe. Amiga 1200 zina kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi ambazo zinajulikana kwa kuvuja, na ute wake hula njia za shaba polepole. Dalili ni ulehemu uliopauka kuzunguka miguu ya kapasita, sauti iliyofifia upande mmoja, na ncha ya moto ya fundi inapogusa hapo, harufu ya samaki. Fundi wangu aliponusa aliangalia nje akidhani ni mama anayekaanga omena jirani. Kapasita hizo zikibadilishwa na bodi kusafishwa kwa spiriti, mashine inapata miaka mingine mingi, na kwa maoni yangu hakuna maana ya kuweka diski mpya kwenye bodi inayoendelea kuliwa.

Kuchomeka kwenyewe ni kwa dakika chache na hakuhitaji lehemu. Ukingo wenye rangi wa utepe uelekee pini nambari 1 iliyoonyeshwa kwenye bodi, na mtu ahakikishe kwa macho kwamba soketi haikukaa pembeni kwa safu moja, kwa sababu pini mbili kati ya zile za mwisho hubeba volti 5 na zikienda pasipo pake, kadi haitapona. Mgongo wa adapta una ncha za lehemu zilizo wazi, na ndani ya mashine kuna bati la kukinga mawimbi. Viwili hivyo vikigusana ni shoti. Mimi niliifunika yote kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, nikaacha nafasi ya kadi peke yake. Jambo hili halikuandikwa popote kwenye bahasha, nami naliona ni upungufu mkubwa wa bidhaa.

Maandalizi ya kadi ndiyo yanayotenganisha wanaofurahia na wanaokata tamaa. Kazi hiyo hufanywa kwa programu ya HDToolBox, ambayo imo kwenye flopi iitwayo Install, na mashine zilizouzwa bila diski ngumu hazikupewa flopi hiyo. Njia rahisi kwa sasa ni kuichomeka kadi kwenye laptopu ya kisasa kupitia kisoma kadi na kuiandaa kupitia WinUAE, programu ya Toni Wilen inayoigiza Amiga ndani ya Windows, ambayo inaweza kuikabidhi Amiga ya kuigiza kadi halisi. Iendeshwe kwa ruhusa ya msimamizi, na kadi iwe imefutwa jedwali lake la zamani kabisa, maana ikiwa bado na alama za Windows programu huilinda isiandikwe. Atakayetumia amri za kufuta diski ahakikishe mara mbili kwamba amechagua kadi na si diski ya laptopu. Baadaye, kila kadi hiyo itakaporudishwa kwenye Windows, kisanduku kitatokea kikisema kwamba haijafomatiwa na kuuliza kama ifomatiwe; jibu ni kukataa, kwa sababu Windows haiujui mpangilio wa Amiga na itaufuta.

Kuna mipaka miwili ambayo lazima iheshimiwe. Wa kwanza ni gigabaiti 4. Kickstart 3.0 na 3.1 huhesabu mahali kwenye diski kwa namba ya biti 32, ambayo mwisho wake ni baiti 4,294,967,296. Kuandika kupita hapo hakuleti onyo lolote: hesabu inarudi sifuri, na data inaandikwa mwanzoni mwa diski, juu ya taarifa zile zile zinazoiambia mashine diski imegawanywaje. Mwenye diski ya gigabaiti 20 kama yangu anaweza kuishi kwa amani miezi mingi mpaka siku sehemu ya mwisho ianze kujaa, kisha siku moja diski nzima haionekani. Kwa sababu hiyo naipenda kadi inayouzwa kama ya gigabaiti 4. Watengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, na hivyo kadi yote hukaa chini ya kikomo bila mtu kuhitaji kufikiri. Mwenye kadi ya 8 aigawe nusu ya kwanza na kuiacha nusu ya pili tupu. Anayetaka kuitumia yote anaweza kununua AmigaOS 3.1.4 ya mwaka 2018 au 3.2 ya mwaka 2021, ambazo zimeondoa kikomo hicho, lakini gharama yake inazidi ya adapta na kadi kwa pamoja na sioni haja, kwa kuwa gigabaiti 4 ni sawa na maelfu ya flopi.

Wa pili ni ule uitwao MaxTransfer, yaani kiasi cha data kinachoombwa kwa mkupuo mmoja. Thamani inayowekwa yenyewe na HDToolBox ni kubwa mno kwa kadi nyingi na baadhi ya diski. Ubaya wake ni kwamba kasoro haijitokezi mapema: faili ndogo zinanakiliwa vizuri, Workbench inawaka, kila kitu kinaonekana salama, kisha picha kubwa inafunguka ikiwa na mistari ya rangi zisizo zake au muziki wa ProTracker unakwaruza katikati. Thamani iwekwe 0x1FE00, ambayo ni baiti 130,560, yaani sekta 255 za baiti 512 kila moja. Iwekwe kwa kila sehemu ya diski, si ya kwanza tu, na iwekwe kabla ya kunakili chochote. Iwapo ningepewa nafasi ya kuandika mstari mmoja tu kwenye bahasha ya adapta hii, ningeandika namba hiyo.

Nimegusia umeme, na kwa mtu wa magharibi mwa Kenya jambo hili lina uzito wake. Radi na ngurumo za bonde la Ziwa Viktoria ni za kila alasiri katika msimu wa mvua, na umeme hupotea mtu akiwa katikati ya kuhifadhi kazi. Mfumo wa faili unaokuja na Amiga, FFS, haukukusudiwa kwa hali hiyo. Ukikatizwa wakati wa kuandika, mashine ikiwaka tena huanza kuihakiki diski nzima, na mpaka imalize hairuhusu kuandika; wakati mwingine haimalizi, hutangaza kosa, na njia iliyobaki ni kuokoa faili moja moja kwa programu maalumu. Hili limenitokea kwenye diski ya mtumba. Kwenye kadi niliweka mfumo wa PFS3, ambao zamani uliuzwa na sasa unapatikana bure kwenye Aminet, hazina ya mtandaoni ya programu za Amiga, kwa jina la pfs3aio. Mfumo huo huandika mabadiliko mahali papya kwanza, na humaliza kwa hatua moja ya kuyatambua. Umeme ukipotea kabla ya hatua hiyo, diski hubaki ilivyokuwa dakika iliyotangulia. Huwekwa kupitia HDToolBox kwa kuongeza mfumo mpya wenye namba ya utambulisho 0x50465303. Tangu niuweke, umeme umekatika katikati ya kazi mara nyingi tu na kilichopotea ni kile nilichokuwa sijahifadhi. Hata hivyo, radi ikianza kusikika upande wa ziwa plagi hutolewa ukutani, maana PFS3 haiwezi kumwokoa mtu na mkondo ulioruka kwenye nyaya.

Matumizi ya kila siku yamekuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Workbench huwa tayari kwa sekunde chache, bila mlio wowote, na picha ya Deluxe Paint ambayo kwa flopi ningeisubiri nikitazama saa hufunguka mara moja. Kwa kipimo cha programu ya SysInfo kadi na diski ya mtumba zinakaribiana, kama inavyopaswa kuwa kwa vitu viwili vinavyopitia mlango mmoja mwembamba. Tofauti inahisiwa kwenye faili ndogo nyingi, ambapo diski halisi hupoteza muda kusogeza kichwa na kadi haina kichwa cha kusogeza. Joto ndani ya mashine limepungua kwa namna inayohisiwa kwa kiganja juu ya kibodi. Televisheni haitetemeki tena.

Kero moja imebaki. Kadi imefungiwa ndani, na kuitoa ili kupeleka faili kwenye laptopu kunahitaji bisibisi. Dawa yake ni tundu la PCMCIA la ubavuni: adapta ya pili, ya kugeuza CompactFlash kuwa kadi ya PCMCIA, pamoja na programu za cfd na fat95 kutoka Aminet, huiwezesha Amiga kusoma kadi iliyofomatiwa na Windows kama inavyosoma flopi. Mwenye kumbukumbu ya ziada inayozidi megabaiti 4 kwenye mlango wa chini aangalie kwanza, kwa kuwa baadhi ya vipanuzi vya megabaiti 8 hugongana na tundu hilo mpaka vipunguzwe kwa kidaraja. Ukiwa na kadi hizi mbili, moja ya ndani na moja ya ubavuni, flopi zinaweza kunakiliwa zote kabla ukungu haujazimaliza, na kazi hiyo naihimiza kwa moyo wote kwa yeyote mwenye sanduku la flopi kabatini mahali kama Kisumu, Homa Bay au Busia.

Kwa bei, adapta ilinigharimu chini ya shilingi elfu moja kwa kuagiza kutoka nje, na kusubiri kwake ni kwa wiki kadhaa. Anayeagiza achague ile ya pini 44 kwa maneno hayo hayo. Zipo za pini 40 zilizokusudiwa kompyuta za mezani, zenye pini zilizoachana zaidi, na hizo hazikai kwenye soketi ya 1200. Mwenye Amiga 600 anaweza kutumia adapta hii hii kwa kuwa soketi yake ni sawa, lakini kabla ya kulipa afungue Shell, dirisha la kuandikia amri, na kuandika neno version. Akijibiwa Kickstart 37.299, mashine yake ni ya zile za mwanzo ambazo soketi ipo na programu ya kuiendesha haimo kwenye ROM, na itambidi anunue kwanza ROM ya 37.350 au ya 3.1 ndipo kadi ionekane.